Kabla Hujatuma Pesa ya Koteji: Maswali Ambayo Mgeni Anafaa Kuuliza

Simu za Disemba huanza kuingia mwezi wa tisa. "Kaka, tuko watu wanane, twataka nyumba karibu na bahari, ni pesa ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza, na kwa wengi ndilo la mwisho. Mimi nasimamia koteji tatu hapa Watamu kwa niaba ya wenyewe, ambao huonekana mara moja kwa mwaka, na nikijibu bei peke yake najua mgeni huyo atafika na maswali chungu nzima ambayo angeuliza kabla hajatuma hata shilingi. Leo naeleza jinsi likizo ya namna hii inavyopangwa, kwa mtu wa bara anayekuja mara ya kwanza na hata kwa mwenzetu wa Changamwe ambaye bahari huiona kila siku akiwa ndani ya matatu.

Tuelewane kwanza koteji ni kitu gani. (Siiti nyumba ndogo, maana ndugu zetu wa Tanzania watadhani tunapanga mambo mengine.) Ni nyumba yenye jiko lake, friji, vyumba viwili au vitatu na baraza, mara nyingi chini ya paa la makuti. Huwa imesimama peke yake, au na nyingine nne tano ndani ya ua mmoja wenye bwawa la pamoja. Hakuna mapokezi, hakuna anayekuandalia kiamsha kinywa. Unakodi nyumba nzima kwa usiku, si kitanda, na hapo ndipo penye nafuu. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi 15,000 kwa usiku. Usiku tano ni 75,000. Mkiwa wanane, kila mmoja anatoa 9,375, yaani chini ya 2,000 kwa usiku. Mkiwa wawili, hesabu hiyo haina maana, heri hoteli.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Disemba iliyopita, siku mbili kabla ya Krismasi, gari lenye watu tisa lilisimama mbele ya geti letu saa moja usiku. Baba wa familia alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa nyumba yetu kweli, baraza letu, hata paka wa mlinzi alikuwa kwenye picha. Lakini nambari aliyotumia pesa hatukuijua. Mtu fulani alikuwa amenakili picha zetu kwenye mtandao, akatangaza kwa bei ya chini, akapokea shilingi 42,000 na kuzima simu. Nyumba ilikuwa na wageni wengine tayari. Watoto walilala garini mpaka tulipowapatia vyumba viwili vya gesti huko Gede, na likizo waliyoiwekea akiba mwaka mzima ikawa ya usiku mmoja.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma chochote, mpigie msimamizi simu ya video na umwambie atembee kutoka getini, aingie sebuleni, afungue bomba la jikoni, kisha atoke mpaka ufukweni. Mtu aliye na nyumba hatashindwa na hilo, na ataona hata wewe ni mgeni wa maana. Mwulize leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na kibali cha kaunti. M-Pesa nayo hukuonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika. Soma jina hilo, ulilinganishe na la nyumba au la mtu unayezungumza naye. Usilipe yote. Nusu yatosha, nayo iwe na risiti iliyoandikwa tarehe, idadi ya watu, na kitakachofanyika mkiahirisha. Kama una jamaa Malindi au Kilifi, mtume apite aone. Na ukigundua umetapeliwa, usipoteze dakika: tuma ujumbe ule wa muamala kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, maana zikishatolewa kwa wakala ni vigumu, kisha uende kituo cha polisi upate nambari ya OB.

Jambo la pili ni bahari yenyewe. Kila wiki hunipata mgeni aliyekasirika kwa sababu ameamka asubuhi akakuta maji yameondoka. Ndugu, hakuna aliyeyachukua. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Huku kwetu siku hizo maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: hujaa asubuhi, hupwa alasiri, wala hayaendi mbali.

Faida ya kujua hili ni kubwa kuliko kujua kama nyumba ina televisheni. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea jioni na achague siku za bamvua. Asubuhi watatembea juu ya miamba iliyo wazi wakitazama samaki kwenye vidimbwi (wavae viatu, miiba ya baharini haina huruma), na jioni maji yatakuwa yamewafikia mlangoni. Lakini lile fungu la mchanga linalojitokeza katikati ya bahari hapa Watamu, ambalo kila mtu hutaka kupigwa picha juu yake, lisikudanganye. Maji yakianza kurudi hurudi kwa mzunguko na kulizingira kutoka nyuma. Geuka mapema. Ukiwa hujui saa, mwulize mvuvi yeyote.

Majira nayo yana sauti. Kuanzia Disemba hadi Machi ni kaskazi: joto, maji safi, bei juu. Aprili na Mei ni masika, barabara za mchanga hugeuka matope na makuti yaliyochoka huvuja. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kusi, upepo mkali, mawimbi, usiku wenye ubaridi ambao mtu wa Nyahururu atauita joto. Kila mtu anataka wiki ya Krismasi. Mimi ningekuwa nalipa pesa zangu, ningekuja Februari au mwishoni mwa Septemba, watoto wakiwa bado wadogo wasiofungwa na kalenda ya shule. Bei hushuka, na ufuo ni wako na kaa.

Kuna sababu nyingine ya kusema hivyo. Mwezi wa tano, kati ya wafanyakazi sita wa ua wetu, wanne huambiwa wapumzike nyumbani, na mapumziko hayo hayana mshahara. Mgeni mmoja wa msimu wa chini humrudisha mpishi na mfagiaji kazini kwa siku zote atakazokaa.

Kufika si shida, ila kunataka hesabu. Treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Miritini, tangu Januari 2024, ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, unakata tiketi kwa *639#. Siku za sikukuu tiketi huisha mapema sana. Wengi husahau kwamba Miritini si Watamu. Zimebaki zaidi ya kilomita 100, kupitia Mtwapa na Kilifi, na Mtwapa ikiamua kukukalisha itakukalisha. Ukipanda treni ya saa tisa alasiri utafika Miritini usiku, na hapa hutafika kabla ya saa sita. Chukua ya asubuhi, au basi la moja kwa moja hadi Malindi, au ndege ya Malindi kama mfuko waruhusu. Anayeelekea Diani mambo yake ni mepesi zaidi siku hizi, kwa kuwa kutoka Miritini anaingia barabara ya Dongo Kundu na kutokea Kwale bila kupanga foleni ya feri ya Likoni.

Sasa maswali ya nyumba yenyewe, ambayo picha haziyajibu. Maji ya bafuni ni ya chumvi au matamu? Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, sabuni haitoi povu, na matamu huletwa kwa boza. Stima ni ya tokeni, na nani anainunua? Kiyoyozi cha vyumba vitatu kikiwashwa usiku kucha hula tokeni kama mbuzi kwenye shamba la mahindi. Mimi huwaambia wageni pangaboi na chandarua vyatosha, lakini uamuzi ni wao. Stima ikipotea kuna jenereta? Ufuo uko umbali wa hatua ngapi, na njia yake inapita wapi? "Karibu na bahari" kwenye matangazo yaweza kuwa mwendo wa bodaboda.

Swali la njia si dogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Hakuna hoteli wala mwenye nyumba anayeweza kukufukuza hapo, wala wewe mgeni huwezi kumfukuza mama anayetafuta pweza mbele ya baraza lako. Nimeyaona yote mawili yakijaribiwa.

Chakula ndicho raha ya koteji. Vitu vikavu nunua mjini kabla ya kufika. Mboga, nazi na matunda zipo sokoni Gede kwa bei nzuri kuliko maduka ya hapa ufuoni. Samaki usinunue kokote, ngoja wavuvi warudi: changu, tafi, kolekole, na bahati ikiwapo nguru. Mwachie mpishi ndiye apatane bei, utaona tofauti. Mpishi huyo mara nyingi hayumo kwenye bei ya nyumba, basi uliza mapema analipwa kiasi gani kwa siku na nani anamlipa. Ukimpa nazi mbili na samaki mzuri hutatamani hoteli tena. Mahamri na mbaazi za asubuhi huanza kuandaliwa usiku, mwambie mapema.

Mkitaka kuingia baharini kwa mashua, kumbukeni hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa 1968, iko chini ya KWS. Ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, tofauti na pesa ya mashua, na nahodha asiyezitenganisha mbele yenu mwacheni. Msiokote makombe wala matumbawe. Chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Na taa zinazotazama baharini zizimwe usiku, kwa kuwa kasa hupanda ufuoni kutaga na mwanga huwapoteza wakubwa na vifaranga.

Siku ya kuondoka, hesabu vyombo pamoja na msimamizi, soma mita ya stima mkiwa wawili, kisha dai salio lako hapo hapo kabla gari halijawashwa. Kama una bahashishi ya mpishi na mlinzi, usiniachie mimi wala mwenye nyumba. Mpe kila mmoja mkononi mwake.