Maharamia wa Whydah: Walivyotupwa Pwani ya Cape Cod, 1717

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu biashara ya pembetatu ya Atlantiki, bila shaka utachora mishale mitatu: bidhaa kutoka Ulaya kwenda Afrika, watumwa kutoka Afrika kwenda Amerika, na mazao kutoka Amerika kurudi Ulaya. Mchoro huo ni sahihi, lakini hauoneshi watu. Kisa hiki kitakuonesha watu hao na kukupa mfano wa kutumia katika insha yako.

Usuli
Whydah ilikuwa meli ya watumwa ya Waingereza. Jina lake lilitokana na Ouidah, bandari iliyopo Benin ya leo. Mwaka 1716 ilisafiri hadi Afrika Magharibi, ikachukua mateka na kwenda kuwauza Karibi. Februari 1717, ikiwa njiani kurudi Uingereza na mali iliyopatikana, ilitekwa karibu na Kuba na maharamia wa Samuel Bellamy.

Kwa nini watu waligeuka maharamia?
Usikimbilie kuandika "tamaa" ukaishia hapo. Vita vya Kurithi Ufalme wa Hispania vilipokwisha, kwa mkataba wa mwaka 1713, mabaharia wengi walibaki bila kazi. Waliopata ajira katika meli za biashara walilipwa ujira mdogo na kuchapwa viboko. Katika meli ya maharamia, nahodha alichaguliwa kwa kura, na ngawira iligawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa. Waafrika nao walikuwamo katika kundi la Bellamy.

Kuzama kwa meli
Usiku wa tarehe 26 Aprili 1717, dhoruba iliisukuma Whydah kwenye mafungu ya mchanga ya Cape Cod, katika koloni la Massachusetts. Ilipinduka na kuvunjika. Kati ya watu zaidi ya 140, walionusurika ni wawili tu: Thomas Davis, seremala kutoka Wales, na John Julian, kijana wa jamii ya Wamiskito wa Amerika ya Kati. Katika dhoruba hiyohiyo, Mary Anne, meli ndogo waliyokuwa wameiteka, ilikwama kusini zaidi. Maharamia saba waliokuwa ndani yake walifika nchi kavu wakiwa hai, lakini wakakamatwa.

Hukumu
Kesi ilisikilizwa Boston mwezi Oktoba 1717. Watu sita walinyongwa mwezi Novemba. Davis na mmoja wa wale saba waliachiwa, kwa kuwa mahakama ilikubali kwamba walilazimishwa kujiunga. Julian hakupewa hata nafasi ya kujitetea mahakamani. Wanahistoria wanaamini kwamba aliuzwa utumwani.

Hapa ndipo penye hoja kuu. Sheria iliwanyonga watu sita kwa uporaji wa baharini, lakini haikuwagusa wafanyabiashara waliotumia Whydah kuuza binadamu. Kwa sheria ya wakati ule, kupora meli lilikuwa kosa la kifo. Kuuza watu ilikuwa biashara halali.

Ushahidi
Mabaki ya Whydah yaligunduliwa mwaka 1984 na Barry Clifford. Mwaka 1985 ilipatikana kengele yenye jina la meli na mwaka 1716. Kumbuka: kengele hiyo na kumbukumbu za kesi ya Boston ni vyanzo vya msingi.

Swali la kujipima
"Uharamia wa Atlantiki ulikuwa zao la biashara ya pembetatu." Jadili.

*Mbinu ya kujibu:* Kwanza eleza namna biashara hiyo ilivyojaza bahari meli zenye mali na mabaharia wanaonyanyaswa. Kisha onesha sababu nyingine, hasa kumalizika kwa vita. Taja Whydah kama mfano, pamoja na mwaka na mahali. Usisimulie kisa chote; mtahini anatafuta hoja. Katika hitimisho, toa msimamo wako.