ARDHI NA MAJI KATIKA BONDE LA URUBAMBA

Mkulima wa nchi yo yote ile anahitaji vitu viwili kabla ya jembe: ardhi na maji. Natutazame leo bonde moja la mbali, huko Peru katika Amerika ya Kusini, tuone wenyeji wake walivyoipata ardhi, na kwa nini sasa wanayahofia maji.

Mto Urubamba, ambao sehemu yake ya juu huitwa Vilcanota, huanzia karibu na La Raya, mahali palipo zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Huteremka kuelekea kaskazini-magharibi hata ukaingia msituni, ambako huungana na Mto Tambo na kuwa Ucayali, mmoja wa mito iletayo maji Amazon.

Kadiri mto ushukavyo ndivyo riziki ibadilikavyo. Juu, penye baridi kali, watu hufuga lama na alpaka na kulima viazi mbatata. Viazi hivyo huachwa nje usiku vipigwe na jalidi, hukanyagwa kwa miguu ili kukamuliwa maji, kisha hukaushwa juani, vikawa akiba ya muda mrefu. Katikati, tangu Pisac hata Ollantaytambo, mahindi meupe ya punje kubwa hustawi bondeni na juu ya matuta ya mawe yaliyojengwa zamani za Wainka. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Machi. Juni na Julai ni kiangazi, na mifereji ndiyo tegemeo. Chini, penye joto, upande wa Quillabamba, hulimwa kahawa, kakao, chai na koka.

Ni huko chini, katika jimbo la La Convención, ambako haki ya mkulima iligombewa. Mabwana wa mashamba makubwa waliwapa maskini vipande vya msitu, wavifyeke na kuvilima. Kodi yake ilikuwa jasho: siku nyingi za kazi katika shamba la bwana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakulima hao waliunda vyama, na mwaka 1962, wakiwa na viongozi kama Hugo Blanco, wakakataa kazi hiyo. Blanco alikamatwa mwaka 1963. Lakini mwaka huo huo serikali ililazimika kutoa sheria maalumu ya ardhi ya bonde hilo. Tarehe 24 Juni, 1969, Jenerali Juan Velasco Alvarado akatangaza sheria ya nchi nzima, na mashamba makubwa yakavunjwa.

Ardhi basi ilipatikana. Lakini barafu ya milima iliyo juu ya bonde, ambayo hulisha vijito wakati wa kiangazi, inapungua mwaka hata mwaka kwa sababu ya joto la dunia. Hapa hakuna bwana wa kugomewa mlangoni pake. Moshi ulioleta joto hilo umetoka zaidi katika nchi tajiri, wala si katika meko ya wafugaji wa alpaka. Waliovunja utumwa wa shamba kwa umoja wao hawawezi peke yao kuirudisha barafu. Deni hilo ni la walioupeleka moshi angani.