Picha zinapojikokota kwenye skrini, usikimbilie kununua tarakilishi mpya

NI saa mbili za usiku na mitambo ya uchapishaji inasubiri ukurasa wa kwanza. Mhariri wa picha anafungua folda yenye picha 200 za mkutano wa hadhara. Badala ya nyuso za viongozi na umati, skrini inamwonyesha visanduku vyeupe vitupu. Anapojaribu kushuka chini, dirisha zima linaganda. Anabofya mara ya pili, mara ya tatu, kisha anaanza kuilaani tarakilishi.

Kisa cha aina hii nimekishuhudia mara nyingi katika miaka yangu ya uhariri. Hakiwakumbi wanahabari pekee. Wenye studio za picha, wachoraji ramani na hata wahudumu wa hospitali wanaosoma picha za eksirei kwenye skrini wanakifahamu vyema.

Uamuzi unaotolewa kwa kawaida ni mmoja: mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Pesa zinatumika, mashine mpya inaletwa, na baada ya wiki chache visanduku vyeupe vinarejea. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Yafaa kwanza kujua picha hupitia wapi kabla ya kuonekana.

Safari hiyo ina hatua nne. Kwanza, faili husomwa kutoka kwenye diski au kuletwa kupitia mtandao wa ofisi. Pili, hukunjuliwa, kwa kuwa picha nyingi huhifadhiwa zikiwa zimefinywa kwa mfumo wa JPEG, ulioidhinishwa mwaka wa 1992. Tatu, hupunguzwa au kukuzwa ili itoshe mahali ilipotengewa. Nne, huchorwa kwenye skrini. Uzito ukitokea katika hatua yoyote, mtumiaji huona jambo lile lile: picha inachelewa.

Hatua ya pili ndiyo huwapotosha wengi. Chukua picha ya kamera yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani pikseli milioni 24. Kwenye diski, faili yake huenda ikawa ya megabaiti nane hivi. Lakini ikishakunjuliwa, kila pikseli kwa kawaida huchukua baiti nne za kumbukumbu. Jumla ni baiti milioni 96 kwa picha moja. Picha 200 zitahitaji zaidi ya baiti bilioni 19.

Sasa tazama kile mhariri wetu alichohitaji. Alitaka vijipicha vya pikseli 300 kwa 200, ambavyo kila kimoja huchukua baiti 240,000 tu. Vijipicha vyote 200 kwa pamoja havifikii zaidi ya baiti milioni 48, ambayo ni nusu ya picha moja kamili. Programu inayokunjua kila picha nzima ili kuonyesha kijipicha ni kama mfanyabiashara anayeleta lori zima la mahindi sokoni ili apime kibaba kimoja.

Kumbukumbu inapojaa, tarakilishi huanza kuazima nafasi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Hapo ndipo kila kitu hujikokota, hata programu zisizohusika na picha.

Utajuaje basi kosa liko wapi? Fanya majaribio machache, ukibadilisha jambo moja tu kwa wakati.

Nakili picha kadhaa kutoka kwa seva ya ofisi hadi kwenye diski ya tarakilishi yako, uzifungue tena. Zikifunguka upesi, tatizo ni mtandao.

Zikichelewa bado, tengeneza nakala ndogo za picha hizo hizo. Nakala zikitokea papo hapo, mzigo uko katika kukunjua na kupunguza.

Kisha shuka chini ya folda na urejee juu kwenye picha ulizokwisha kuziona. Zikichelewa tena kama mara ya kwanza, programu haihifadhi matokeo ya kazi yake. Inarudia jasho lile lile kila mara.

Punguza pia ukubwa wa dirisha. Ikiwa mwendo utakuwa mwepesi dirisha likiwa dogo, huenda shida iko katika uchoraji, na yafaa programu inayoendesha kadi ya michoro ikaguliwe au isasishwe.

Mwisho, fungua orodha ya shughuli za tarakilishi utazame prosesa, kumbukumbu na diski. Sehemu moja ya prosesa ikiwa imelemewa huku nyingine zikipumzika, programu inafanya kazi yote katika mkondo mmoja.

Kuhusu suala hili la mwisho, lawama humwangukia mtayarishaji programu. Skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 17 hivi. Mkondo unaoshughulikia kipanya na vitufe ni kama karani mmoja dirishani. Karani huyo akiondoka nusu sekunde kukunjua picha, foleni nzima husimama. Dawa ni kumpa msaidizi wa nyuma kazi hiyo, naye karani abaki akiwahudumia watu.

Aidha, mfumo wa JPEG huruhusu picha kukunjuliwa kwa nusu, robo au thumuni ya ukubwa wake bila kuifungua yote. WPF, mfumo wa Microsoft wa kuundia madirisha uliotolewa mwaka wa 2006, humwezesha mtayarishaji kutaja upana anaoutaka kabla ya picha kukunjuliwa. Vijipicha vikishatengenezwa vihifadhiwe, na programu ianze na zile picha ambazo mtumiaji anaziona.

Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1993 kwamba jibu linalotolewa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde huonekana la papo hapo. Likizidi sekunde moja, mtiririko wa mawazo hukatika. Baada ya sekunde kumi, mtu hugeukia shughuli nyingine. Kwa mhariri anayekimbizana na makataa, hapo ndipo picha isiyofaa huchaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyotokea kwanza.

Kuna onyo moja. Wapo wanaotibu maradhi haya kwa kupunguza picha asili na kuhifadhi juu yake. Picha iliyopunguzwa hivyo hairudi tena ilivyokuwa, na siku itakapohitajika kwa bango, kitabu au ushahidi mahakamani, hakuna atakayeweza kuifufua. Punguza nakala, uiache asili.

Hatukatai kwamba mashine nyingine zimechoka kweli. Ikiwa kumbukumbu hujaa kwa picha chache tu, iongezwe. Diski ya kuzunguka ikibadilishwa na isiyo na sehemu zinazozunguka, usomaji wa faili utaharakika. Lakini uamuzi huo ufuate majaribio, usiyatangulie. Nusu saa ya uchunguzi huenda ikaokoa bei ya tarakilishi nzima, na ukurasa wa kwanza ukafika mitamboni kwa wakati.