Tukifika Mjini Mbeya, Tule Wapi?

Kila siku watu wengi wa vijijini hufika mjini Mbeya. Wengine huleta viazi au ndizi sokoni. Wengine hufuata mbolea na mbegu. Wengine huleta mgonjwa Hospitali ya Rufaa, nao hukaa mjini siku nyingi wakimwuguza. Wote hawa huvaa vizuri, huweka nauli mahali salama, na huaga nyumbani. Lakini jambo moja hawalifikirii mpaka njaa iume. Jambo hilo ni hili: watakula wapi?

Kijijini unamjua aliyepika. Unakijua kisima alikoteka maji. Mjini hujui. Mtu mwenye njaa huingia mlango wa kwanza anaouona. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao, au afya zao, au vyote viwili.

Mimi mwenyewe yamenipata. Mwaka nilioanza kazi ya elimu ya watu wazima niliitwa kwenye semina mjini. Nilifika jioni, mvua inanyesha na baridi ni kali. Niliingia mahali karibu na stendi. Nililetewa wali na samaki. Wali ulikuwa umepoa, na samaki alinuka kidogo. Niliyaona hayo, lakini niliona haya kurudisha sahani. Nilikula nikamaliza. Usiku ule sikulala. Semina ilikuwa ya siku tatu. Mimi nilihudhuria siku moja tu. Tangu hapo nimejifunza kutazama kabla ya kuketi.

Somo letu la leo ni kutazama huko.

MJI WA MILIMANI

Mbeya ni mji wa milimani. Umekuwa jiji tangu mwaka 2005, lakini si mkubwa kama Dar es Salaam. Mlima Loleza umesimama juu yake. Mji uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali sana.

Mji huu umebarikiwa chakula. Mchele hutoka Kyela na Mbarali. Ndizi na chai hutoka Rungwe. Viazi mviringo hutoka milima ya Uporoto. Kahawa hutoka Mbozi. Samaki na usipa hutoka Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mgeni wa Mbeya hana sababu ya kula vibaya. Chakula kizuri kipo. Kazi yake ni kukichagua.

MAHALI PA KULA

Mahali pa kula ni pa namna nyingi. Tutazame nne.

Kwanza, mama lishe. Huyu hupika kwenye kibanda karibu na soko, stendi au mahali pa kazi. Hupika ugali, wali, maharage, mboga za majani, ndizi na nyama. Bei yake ni nafuu. Wengine humdharau kwa sababu hana jengo zuri. Wanakosea. Mama lishe mzuri hupika chakula cha siku ile ile, kwa sufuria ndogo, na unamwona kwa macho yako akipika.

Pili, hoteli na migahawa. Hapa kuna meza, viti na ubao wa bei. Asubuhi utapata chai, chapati na supu. Mchana utapata wali, ndizi au ugali. Watu wa vijijini wengine huogopa kuingia kwa sababu ya milango ya vioo. Usiogope. Fedha yako ni sawa na ya mwingine. Lakini pia usidhani kila penye vioo ni safi. Jiko liko nyuma, na wewe hulioni.

Tatu, vibanda vya chipsi na nyama choma. Hivi hufanya kazi zaidi jioni. Chipsi zinazotoka kwenye mafuta ya moto mbele yako ni salama kuliko zile zilizokaa kwenye kioo tangu mchana.

Nne, wachuuzi wa barabarani. Hawa huuza maandazi, mihogo, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na matunda. Ndizi mbivu au chungwa unalolimenya mwenyewe ni chakula salama. Tunda lililokatwa mapema na kuachwa wazi lina vumbi na nzi.

MAHARAGE YA MLIMANI

Sasa tuseme jambo ambalo wapishi wa Mbeya hulijua kwa mikono yao, ingawa wengi hawajaelezwa sababu yake.

Mtu wa Kyela akija kuishi Mbeya hulalamika kwamba maharage hayaivi upesi. Hudhani kuni ni mbaya. Kuni hazina kosa. Kosa ni la mwinuko. Hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya bondeni, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata moto mwingi. Pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kila ukipanda kiasi cha mita 300, hupungua karibu nyuzi moja. Mjini Mbeya maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94. Hata ukiongeza kuni, moto wa maji yale hauzidi hapo. Kwa hiyo maharage huhitaji muda mrefu zaidi.

Usihofu juu ya maji ya kunywa. Maji yakichemka sawasawa, hata ya mlimani, vijidudu vya magonjwa hufa. Lakini maharage ni jambo lingine. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu. Mtu akila maharage hayo hutapika na kuumwa tumbo kwa saa kadhaa. Sumu hiyo huisha yakichemshwa mpaka yaive kabisa. Mpishi mwema huyaloweka usiku, humwaga maji ya kulowekea, na kuyabandika alfajiri. Mpishi mwenye haraka huyaongezea mchuzi mzuri ili kuficha ugumu wake.

Wewe utajuaje? Chukua harage moja, ulibonyeze kwa kijiko. Likipondeka, kula. Likiwa gumu, rudisha sahani. Usione haya kama nilivyoona mimi.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Kabla ya kuketi, simama kidogo mlangoni. Tazama mambo haya:

1. Maji ya kunawa. Je, kuna ndoo yenye bomba, na sabuni? Beseni moja ambalo watu kumi wamenawa ndani yake halisafishi mikono. Linagawa uchafu wa mmoja kwa wote.

2. Moto wa chakula. Je, chakula kinatoa mvuke? Wapo watu husema kwamba mji wa baridi hauharibu chakula. Si kweli. Chakula kilichobaki vuguvugu kwa saa nyingi ni shamba la vijidudu, hata katika mji wa baridi. Omba upakuliwe kutoka sufuria iliyo jikoni.

3. Mikono ya mpishi. Je, mkono unaopokea fedha ndio unaoshika chapati? Je, kucha zake ni fupi? Wauza chakula wanatakiwa kupimwa afya zao. Si kosa kuuliza.

4. Vyombo. Je, sahani zinaoshwa kwa maji safi na sabuni, au zinachovywa tu katika maji machafu? Je, zimefunikwa nzi wasitue?

5. Wateja. Mahali ambapo watu wa mji ule hula kila siku, chakula hakikai. Sufuria huisha na nyingine hubandikwa. Mahali pasipo na mtu saa saba mchana pana sababu yake.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha usafi katika vijiji vyetu kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wazee wetu waliyasikia haya. Sisi tuyatende, nyumbani na safarini.

NYAMA YA NGURUWE

Mbeya watu wengi hupenda nyama ya nguruwe, ambayo mjini huitwa kitimoto. Asiyeila kwa ajili ya dini yake aulize kabla ya kuagiza, kwa sababu pengine karai moja hukaangia nyama hiyo na viazi pia.

Anayeila lazima ajue jambo hili. Katika nyanda zetu za juu kusini, nguruwe wanaoachwa kuzurura hula kinyesi cha watu na kupata mbegu za minyoo ya tegu. Mbegu hizo hukaa katika nyama kama punje nyeupe. Mtu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva, tegu hukua tumboni mwake. Kisha mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake. Kama mtu huyo hanawi mikono baada ya kutoka chooni, naye anapika, mayai huingia katika chakula cha wengine. Yakifika tumboni, huanguliwa, na mabuu yake huweza kwenda mpaka kwenye ubongo. Hapo huweza kuleta kifafa.

Fahamu basi: hata mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kupata ugonjwa huu kwa mkono mchafu wa mpishi. Kifafa hiki si uchawi. Sababu yake inajulikana, na kinga yake inajulikana: choo, sabuni, na nyama iliyopikwa mpaka isiwe na wekundu ndani.

SOMA BEI KWANZA

Baba mmoja wa darasa letu alimpeleka mkewe hospitali mjini. Alikuwa na nauli ya kurudi na fedha kidogo za chakula. Aliingia hotelini akaagiza wali na kuku. Hakuuliza bei. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na ubao wa bei, maandishi makubwa. Wakati ule alikuwa hajaanza kisomo. Alipoambiwa deni lake, ilimbidi atoe na sehemu ya nauli. Siku nne zilizofuata alikula muhogo wa kuchoma mara moja kwa siku, na mgonjwa wake hakuambiwa.

Baba huyo leo anasoma. Safari yake ya pili mjini alisimama mbele ya ubao kama ule, akausoma wote kwa sauti kutoka juu hadi chini. Vijana walicheka. Yeye hakujali. Aliagiza ugali na maharage, akapewa chenji yake, akaihesabu, akaondoka.

Kwa hiyo, soma ubao kabla ya kuagiza. Kama hakuna ubao, uliza: "Mama, wali maharage ni shilingi ngapi? Na mboga imo humo au ni bei nyingine?" Hesabu chenji kabla ya kuondoka mezani.

Anayeuguza mgonjwa apange chakula cha siku zote, si cha siku moja. Tuseme chai ni shilingi 500, chapati moja ni shilingi 500, na sahani ya wali maharage ni shilingi 2,000. Bei hizi ni za mfano tu. Asubuhi chai na chapati mbili ni shilingi 1,500. Mchana na jioni ni shilingi 4,000. Siku moja ni shilingi 5,500. Siku nne ni shilingi 22,000. Fedha hiyo ifungwe mbali na nauli.

UKIUGUA

Tangu miaka ya 1970 kipindupindu kimerudi nchini mwetu mara nyingi. Huenezwa kwa maji na chakula chenye uchafu wa kinyesi. Mtu akiharisha maji maji mfululizo, apelekwe zahanati au hospitali upesi. Asingoje kesho. Wakati wa kungoja gari apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visirundikwe. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Na mwarifu bwana afya mahali ulipokula, ili wengine wapone.

Ndugu mwanakisomo, kuuliza bei si ushamba. Kurudisha sahani ya chakula kilichopoa si jeuri. Tumbo ni lako, fedha ni yako, na nyumbani wanakungoja urudi mzima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini maharage huchelewa kuiva Mbeya kuliko Kyela?
2. Taja mambo matano ya kutazama kabla ya kuketi kula.
3. Mtu asiyekula nyama ya nguruwe anawezaje kupata mayai ya tegu?
4. Una noti ya shilingi 10,000. Umekula chakula cha siku moja kwa bei za mfano wetu. Utabaki na shilingi ngapi?
5. Je, darasa letu linaweza kuandika ubao wa bei kwa ajili ya mama lishe wa gulio letu? Nani ataandika?