Je, Wajua? Mwezi Ndio Saa ya Msafiri wa Chole

Je, wajua ya kuwa mtu anuiaye kwenda kupunga hewa siku tatu nne katika visiwa vya Mafia yampasa kuutazama mwezi kabla ya kuitazama saa? Kwa kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ikichelewa takriban dakika 50 kila siku, na kwa kuwa wakati wa bamvua, yaani mwezi uandamapo na utimiapo, maji hutoka mbali hata mashua za kisiwa cha Chole zikalala ubavu juu ya mchanga, nanga zake ziko nje, mwenye haraka hana hila ila kungoja. Basi heri kuvuka maji yakijaa, kwenda kisiwa cha Juani kuizuru Kua, mji mahame wenye misikiti na kasri ya mawe, mahali ambapo, kwa rai yangu, asubuhi nzima haitoshi. Kisha kurejea Chole wakati wa magharibi, popo wakubwa wakiruka kutoka mitini. Ama amtamaniye papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hamdhuru mtu, na aje baina ya Oktoba na Machi, amtafute karibu na mji wa Kilindoni.