Upinde Hauwekwi Dau

Desturi ya wasafiri wengi, wafikapo katika nchi isiyo yao, ni kutazama milima, wanyama na majengo, kisha kurudi makwao wakidhani kuwa wameiona nchi. Lakini nchi ni watu, na watu hujulikana vema zaidi wanapocheza. Mtu akiwa kazini huenda anafuata amri ya mwingine; akiwa mchezoni hufuata sheria aliyoikubali yeye na wenzake.

Wanaosafiri katika visiwa vya Karibi wanalifahamu jambo hili. Aketiye jioni moja katika uwanja wa Quisqueya mjini Santo Domingo, timu za Licey na Escogido zinapopambana katika besiboli, hujifunza mengi ambayo hataambiwa hotelini. Mchezo huo wa kupiga mpira kwa gongo uliletwa Kuba katika miaka ya 1860 na vijana waliotoka masomoni Marekani. Kisha Wakuba walioikimbia vita ya kupigania uhuru wao, kati ya 1868 na 1878, wakaupeleka katika nchi ya Dominika. Hivyo ajuaye kutazama huona katika gongo na mpira habari za safari, vita na uhuru.

Sisi Watanzania hatuna haja ya kuvuka bahari ili kupata somo la namna hiyo. Atokaye Mbulu mjini akateremka upande wa magharibi hufika katika bonde la Yaeda, nchi ya mibuyu na miiba isiyo mbali na Ziwa Eyasi. Humo ndimo kilimo kijiji cha Yaeda Chini, na humo wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na zaidi kidogo, ambao wengi wao hata leo hupata sehemu ya riziki yao kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Majirani zao ni Wairaqw walimao na Wadatoga wafugao.

Tulipolitembelea bonde hilo wakati wa kiangazi tuliwakuta wanaume kadhaa wamekusanyika penye mti mmoja mkubwa, kelele na vicheko vimetanda. Walikuwa wakicheza mchezo wao uitwao lukuchuko. Kila mchezaji ana kipande chake cha gome la mti kilichochongwa duara, na pamoja na hivyo kipo kimoja kilicho kikubwa kwao vyote. Vyote hushikwa mkononi pamoja na kurushwa kwenye shina la mti, vikaanguka chini ovyo. Ambaye kipande chake peke yake kimelala upande ule ule uliolaliwa na kile kikubwa, ndiye mshindi. Hapana ufundi wa mkono unaomsaidia mtu. Ni bahati tupu.

Watu wengi wa nje, kwa kuona wanaume wakipitisha saa nyingi hivyo, wamewaita Wahadzabe wavivu na wacheza kamari. Twawaomba wenye maneno hayo wangoje kidogo, wasikie kwanza ni vitu gani viwekwavyo dau, na ni vipi visivyowekwa.

Mtaalamu Mwingereza James Woodburn, ambaye alianza kukaa na Wahadzabe mnamo 1958, aliandika habari za mchezo huu katika makala yake ya mwaka 1982 juu ya jamii za watu walio sawa. Alieleza kwamba viwekwavyo dau ni hasa mishale yenye vigumba vya chuma, ya sumu na isiyo ya sumu; tena visu, mashoka, shanga, viko vya kuvutia tumbaku, nguo, na mara chache hata chombo cha asali. Lakini vipo vitu vitatu ambavyo havichezewi: upinde wa mwindaji, mishale yake ya mti mtupu ya kupigia ndege, na mkoba wake wa ngozi. Wahadzabe wenyewe husema sababu ni kwamba vitu hivyo havina thamani ya kutosha.

Na vifikiriwe vitu hivyo vitatu. Mtu aliyeshindwa tangu asubuhi hata jioni, akapoteza kila mshale wa chuma alionao, bado huondoka na upinde begani, na mishale ya kupatia kitoweo, na mkoba wa kutilia vitu vyake vidogo. Mali aliyokuwa nayo imekwenda, ila uwezo wa kujitafutia chakula anao. Kesho ataupata msumari, ataufua kwa nyundo hata uwe kigumba, naye atarudi mchezoni akiwa sawa na wenzake. Ashindwaye hawi mtumwa wa aliyemshinda.

Tena aliyeshinda naye hana njia ya kuwa tajiri. Woodburn alieleza kuwa mwenye kushinda sana hushurutishwa na wenzake aendelee kucheza, mpaka vile alivyovipata vimtoke tena. Mishale huzunguka mkononi mwa huyu na yule, wala hapana aliye na deni la shukrani kwa mwenziwe. Kiko kilichochongwa kwa jiwe lipatikanalo upande mmoja wa nchi hufika upande wa pili kwa mchezo huo. Na nyama ya mnyama mkubwa haingojei bahati ya vipande vya gome: hiyo hugawiwa watu wa kambi.

Sasa tuwatazame wafanyakazi wenzetu wa mijini. Hapana mtaa leo usio na duka la kubashiri matokeo ya mpira, wala simu isiyoweza kubeba mkeka wa kamari. Kijana wa bodaboda hutia humo hesabu ya siku ambayo ni haki ya mwenye pikipiki. Fundi huuza randa yake ili arudishe alichopoteza jana. Mwenye genge hutoa fedha iliyokuwa mtaji wa nyanya za kesho. Hao wote wameweka dau upinde wao. Wakishindwa, hawarudi nyumbani wakiwa maskini wa mali tu, bali wamepoteza na njia ya kupata mali.

Na aliyewashinda ni nani? Si mwenzao aketiye nao chini ya mti, ambaye wangemshika mkono na kumwambia acheze tena. Mwenye kampuni ya kubashiri hachezi. Kazi yake ni kukadiria na kukusanya, naye amepiga hesabu mapema ili fungu lake lisipungue. Fedha ikishaingia kwake haizunguki mtaani. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na watoto wasiotimiza miaka 18 wamekatazwa kucheza. Hayo ni mema. Lakini mtu mzima apelekaye chombo chake cha kazi kamarini hana sheria ya kumzuia, isipokuwa ile atakayojiwekea yeye na wenzake.

Hatusemi haya ili kuisifu kamari, wala kuwafanya Wahadzabe kuwa malaika. Wana shida zao, na kubwa ni ardhi, maana upinde bila pori ni kijiti tu. Mnamo 1964 na 1965 serikali ilijaribu kuwakusanya Yaeda Chini wakae mahali pamoja. Maradhi yakawapata, na wengi wakarudi porini. Mnamo 2007 kampuni ya kigeni ilitaka bonde liwe mahali pa kuwindia wageni wake, ikajitoa baada ya watu kupaza sauti. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Mongo wa Mono, jirani na Yaeda Chini, walipata hati ya kimila ya ardhi izidiyo hekta 20,000. Ikiwa mwindaji haweki dau upinde wake, basi nasi tusikubali mtu mwingine yeyote aliweke dau pori lake.

Kwa hiyo yapasa kila tawi la wafanyakazi, kila chama cha ushirika na kila kijiwe cha madereva kikae na kuulizana: katika kazi yetu, upinde ni kitu gani? Kwa mmoja ni cherehani, kwa mwingine ni jembe, kwa mwingine ni hesabu ya siku au ada ya mtoto. Kikishajulikana, na kitangazwe mbele ya wote kwamba hicho hakichezewi, na atakayeonekana akikipeleka kamarini azuiwe na wenzake kabla hajaondoka kijiweni. Wahadzabe wachache wa Yaeda wameweza kuishika sheria hiyo pasipo askari wala hakimu. Sisi tulio wengi, wenye vyama na viongozi, hatuna udhuru.