Ukingo wa Silinda Ulionifunza Subira Embu

Msomaji mpenzi, huenda wewe huna gari, au unalo la kisasa ambalo likiugua hufungwa kompyuta likaeleza lenyewe maradhi yake. Hata hivyo nakuomba tufuatane hadi Embu, chini ya Mlima Kenya. Kisa kilichonipata huko kinahusu kitu chembamba kuliko ukucha, nacho kilikaribia kunivunjia ahadi niliyompa mtu mzima.

Marehemu baba aliniachia Land Rover ya mwaka 1968, yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286. Injini za namna hiyo zilianza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958. Ndugu zangu walitaka gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilikataa, kwa sababu shangazi yangu, aliyeolewa Meru akaishi Majengo tangu ujana wake, alinipigia simu akasema: "Mwanangu, nataka nije nizuru kaburi la ndugu yangu, na nije kwa gari lake." Nikamwahidi kuwa siku ya Alhamisi nitakuwa mlangoni pake.

Gari lilikuwa likila mafuta ya injini, basi kabla ya safari nililipeleka gereji moja ya huku kwetu Mombasa. Wakalitia ringi mpya, wakanirudishia siku ile ile, nami nikawashukuru kwa wepesi wao. Lakini tangu Mtito Andei nilianza kusikia mlio mkavu wa chuma, ta-ta-ta, uliozidi kila nilipokanyaga mafuta. Nikajiambia ni ugeni wa ringi, litazoea.

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hupita Runyenjes na Chuka, ikikatiza mito inayoteremka kutoka mlimani. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko na mpando. Nilipovuka Thuci, mpando ukanishinda. Moshi wa buluu ulinifuata nyuma, na injini ikachechemea kama mtu aliyechomwa na mwiba. Nikageuza gari, nikarudi Embu mwendo wa punda. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee, ambaye ujana wake aliumalizia chini ya malori ya kahawa. Alisikiliza injini kwa muda mfupi tu, akaizima. Alipofungua hedi aliniita.

"Sheikh wangu, lete kidole. Pandisha ukucha kwenye ukuta wa silinda, kutoka chini kwenda juu."

Nikapandisha. Karibu na mdomo wa silinda ukucha ukakwama, kana kwamba umekuta kizingiti cha mlango.

"Huo ndio ukingo," akasema. "Ringi ya juu hupanda mpaka hapo, ikageuka ikashuka. Juu ya hapo haifiki, basi chuma hubaki kama kilivyotoka kiwandani. Chini ya hapo kimelika."

Nikamwuliza kwa nini silinda ilike zaidi kule juu kuliko chini. Akanieleza kwamba moto wa petroli hulipukia huko, na shindo lake huisukuma ringi kwa nguvu dhidi ya ukuta. Tena pistoni ikifika kileleni husimama kidogo kabla ya kugeuka, joto ni kali, na utando wa mafuta huwa mwembamba mno. Mwaka hadi mwaka ukuta hulika, na ukingo hujitokeza.

"Ringi kuukuu huzeeka pamoja na silinda," akaendelea. "Pembe yake hulika ikafuata umbo la ukingo, wasigombane. Ringi mpya ina pembe kali. Inapanda, inaugonga ukingo, kila mzunguko mara moja. Huo ndio mlio uliousikia."

Naam, alipotoa pistoni ya pili tukaona ringi ya juu imevunjika vipande vitatu, na ukuta wa mfereji wake katika pistoni umemeguka. Bahati njema, silinda ilikuwa na mkwaruzo mwepesi tu, usioshika ukucha.

Hata hivyo hakuzitoa pistoni kabla ya kuuondoa ukingo, maana ukiivuta pistoni juu kwa nguvu huweza kuvunjika kwa kukwama hapo hapo. Aliteremsha pistoni hadi chini, akaziba juu yake kwa kitambaa kilichopakwa grisi ili kidake vumbi la chuma. Akakwangua masizi, kisha akatia rima, chombo chenye kisu kidogo kinachozungushwa kwa spana. Alizungusha taratibu, akisimama kila mara kupima kwa ukucha. Lengo ni ukingo ulingane na ukuta uliolika, basi. Ukizidisha, kisu hushuka kwenye njia ya ringi na kuchimba shimo lisilozibika ila kwa kukereza silinda nzima.

Kisha akapima ulikaji. Aliingiza ringi tupu ndani ya silinda, akainyoosha kwa kitako cha pistoni, akapima mwanya wake kwa fila geji. Karibu na juu, milimita 1.0, chini, pasipolika, 0.5. Tofauti ni 0.5, ukiigawa kwa 3.14 unapata kama 0.16, nao ndio upana uliozidi. "Ingefika robo milimita," akasema, "ningekupeleka ukakereze silinda na kununua pistoni kubwa zaidi. Hapa ringi zinatosha. Lakini sikudanganyi, nimekuongezea miaka tu, sikukupa injini mpya."

Aliniambia pia kwamba Peugeot 404, zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, silinda zake huchomolewa zikatiwa nyingine. Land Rover yangu silinda zake zimechongwa ndani ya bloki yenyewe, hazichomoki.

Pistoni ilibidi iagizwe Nairobi. Nikamsihi: "Mzee, niunganishie hivi hivi nifike Meru, nina ahadi."

Akafuta mikono. "Na aliyekutia ringi hizi, si alikuwa akikuharakishia ahadi hiyo hiyo?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia shangazi simu kwa aibu. Akacheka: "Baba yako alikuwa akinichelewesha zaidi ya hivyo. Njoo salama."

Ijumaa baada ya sala injini iliunganishwa, na Jumamosi nikavuka Thuci, Chuka, na daraja la Nithi, bila ta-ta-ta na bila moshi. Shangazi alikuwa barazani, buibui tayari, mkoba mapajani. Aliligusa gari kwenye mlango, akanyamaza kitambo, ndipo akapanda. Jumatatu tulikuwa Mombasa, na alasiri hiyo akasimama mbele ya kaburi la nduguye.

Basi wewe mwenye gari kuukuu, fundi akikwambia injini imetiwa ringi mpya, usimwulize kwanza bei wala saa. Mwulize: "Je, ukingo umeuondoa?"